Bitana ya Mshipa na Majani ya Shambani



Nimetakiwa niseme juu ya mimea na mishipa ya damu, na kabla sijagusa maudhui yenyewe naomba ruhusa niwapitishe kwanza sokoni Arua, upande wanakouza vyungu na kuku, ambako mwezi uliopita nilimkuta kijana mmoja mwenye kipaza sauti shingoni na kipande cha bomba la chuma mkononi. Bomba lilikuwa limeliwa na kutu hata ukilielekeza juani huoni mwanga upande wa pili. Akaligonga mara mbili ili tusikie lilivyojaa, akalisimamisha ndani ya beseni, akalimiminia dawa ya rangi ya manjano kutoka katika chupa iliyokuwa ya soda. Mara povu likafoka, maji ya hudhurungi yakatiririka, na alipoliinua tena na kulielekeza juani, kitone cha mwanga kikaonekana kweli. "Hivyo ndivyo mishipa yenu ilivyo, na hivi ndivyo dawa yangu ifanyavyo," akasema, na watu, miongoni mwao wazee wenye akili zao timamu, wakaanza kufungua mafundo ya leso. Nami nilinunua chupa yangu. Ilikuwa na harufu ya ndimu na tangawizi, na sina shaka kwamba ndani ya lile bomba palikwisha kutiwa magadi kabla hatujafika, maana ndimu ikikutana na magadi hufoka, bomba liwe na kutu au lisiwe nayo.

Sina ugomvi na ndimu wala na tangawizi. Ugomvi wangu ni na lile bomba. Mtu akisadiki kwamba mshipa wa damu ni bomba, na kwamba maradhi yake ni uchafu ulioganda ndani mithili ya ukoko wa sufuria, basi dawa yoyote itakayodai kusugua itamridhisha, na swali lililo sahihi halitamjia asilani.

Mimi nililelewa Koboko, nyumbani kwa baba mdogo aliyekuwa fundi cherehani, na neno nitakalolitumia leo nimelipata kwake. Alikuwa akishona makoti ya harusi na majoho ya watu wa heshima, na kila alipoletewa koti kuukuu alitengeneze, alilipindua kwanza ndani nje, akapitisha kidole juu ya bitana polepole, akitafuta mahali uzi ulipolegea. Koti, alikuwa akituambia, haliharibiki kwa kuanzia nje. Huanzia ndani, tena kwapani, ambako kila siku pana kukunjwa na kukunjuliwa na jasho. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwanafunzi wa dawa na kuelezwa kwamba kila mshipa wa damu, kuanzia ule mkubwa utokao moyoni hata ule mwembamba kuliko unywele, umefunikwa kwa ndani na safu moja tu ya seli zilizolala bapa, zimeungana ubavu kwa ubavu kama vipande vya kitambaa vilivyoshonwa, sikuhitaji kufasiriwa zaidi. Wilhelm His wa Basel ndiye aliyeipa safu hiyo jina lake la kitaalamu mwaka 1865. Mimi nitaiita bitana.

Bitana hii huchagua. Maji, chumvi na sukari huzipitisha katika mishono yake. Protini kubwa huzizuia, ila akali ndogo. Na mishono yenyewe imefungwa kwa nyuzi za protini, ambazo mbili kati yake nitazitaja, kadherini na klaudini, kila seli ikinyoosha ncha ya uzi wake na kuushika ule wa jirani. Ndani ya seli nyuzi hizo zimefungamanishwa na kamba za aktini, ambazo ni za jamaa moja na zile zinazoufanya msuli uvute; na seli ikighadhibika, ama kwa moshi wa sigara, ama kwa sukari kuzidi, ama kwa uvimbe wa maradhi mengine, kamba hizo hukaza, seli hujikunyata, na mshono hufunuka. Lakini hapana budi niseme ukweli wote: vile vifurushi vya lehemu vinavyozunguka katika damu, ambavyo ndivyo mama wa maradhi ya kuziba kwa mishipa, ni vinene mno kuweza kupenya mshono uliofungwa barabara, na vingi vyake huvuka kwa njia nyingine, yaani humezwa na seli upande wa damu, hubebwa ndani ya vifuko vidogo, na kutemwa upande wa pili. Ninyi mnaokaa karibu na mpaka mtanielewa upesi. Kuna mzigo unaopita njia za panya usiku, na kuna mzigo unaopita mchana kweupe kwenye kizuizi cha Oraba au cha Vurra, ndani ya lori lenye karatasi zake. Na atakayeziba njia za panya peke yake asidhani kwamba amekomesha magendo.

Siku moja tulionyeshwa sungura aliyekuwa ametiwa rangi ya buluu katika damu, rangi ambayo hushikamana na protini na kwenda nayo popote iendapo. Mshipa wake mkuu ulikuwa umepasuliwa kwa urefu na kubandikwa juu ya nta kwa pini. Ulikuwa mweupe, laini, unang'aa kama mkeka mpya uliolowa. Ila kila palipokuwa na mdomo wa mshipa mdogo unaochipuka, hapo palikuwa na doa la buluu, kama doa la wino katika mfuko wa shati la mwanafunzi. Yule sungura hakuwa mgonjwa. Alikuwa amekula majani maisha yake yote. Mwalimu wetu akatuambia kwamba hapo penye madoa ndipo ambapo, lau angalilishwa lehemu kwa miezi kadhaa kama Nikolai Anitschkow alivyowalisha wa kwake huko St Petersburg katika kazi aliyoitangaza mwaka 1913, pangaliota maradhi. Katika njia panda za damu mkondo hauendi sawa. Hurudi nyuma, huzunguka, na seli za hapo, zikikosa ule msuguano wa upande mmoja unaozituliza, hulegeza mishono yake. Ni kwapa za koti la baba mdogo.

Basi lehemu huvuja, hunaswa katika nyuzi zilizo chini ya bitana, huchacha. Seli walinzi huitwa zije kuila, huishiba hata zikawa kama povu, hufia papo hapo, na nyingine huitwa. Kinachotokea si ukoko juu ya chuma. Ni jipu chini ya ngozi, na kama lilivyo jipu, laweza kukaa miaka bila kumsumbua mwenyewe, kisha siku moja likapasuka, damu ikaganda juu ya kidonda, na mtu akaanguka shambani na jembe lake mkononi. Hapo ndipo lile bomba la sokoni linapokuwa udanganyifu mtupu: hakuna kitu kinachopita ndani ya damu kikasugua jipu lililo nyuma ya bitana.

Kabla hatujafika kwenye majani, yatupasa kujua nani huugua na nani haugui, na katika kuhesabu huko mahali hapa tulipokutana pana haki ya kutajwa. Hospitali ya Kuluva ilianzishwa mwaka 1941 na Dakta Ted Williams, ambaye baadaye alijiunga naye ndugu yake Peter, naye pia tabibu. Na sifa ya Ted Williams iliyovuka bahari ni ile safari ya mwaka 1961, alipoondoka Kampala pamoja na madaktari wenzake Denis Burkitt na Clifford Nelson ndani ya gari kuukuu la Ford, wakaenda takriban kilomita 16,000 kwa wiki kumi hata Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali habari za uvimbe wa taya za watoto. Alichukuliwa kwa sababu alijua udaktari na alijua kutengeneza gari, na sijui katika mawili hayo lipi lilikuwa na manufaa zaidi katika barabara za wakati ule. Lakini mimi ninayemheshimu zaidi ni yule Williams aliyebaki hapa akiandika. Daftari la Kuluva, ambamo kila mgonjwa wa saratani aliandikwa, alikotoka na lini alianza kuugua, ndilo lililowawezesha, yeye na wataalamu wawili wa hesabu za maradhi, kuonyesha mwaka 1967 kwamba katika mkoa wetu huu wa West Nile, tangu 1961 hata 1965, watoto wenye uvimbe ule walitokea kwa mafungu, mahali pamoja na wakati mmoja. Hapakuwa na mashine ya ajabu. Palikuwa na kalamu.

Katika zama hizo hizo, huko katika hospitali ya Mulago, Kampala, watu wengine walikuwa wakihesabu jambo jingine. Hugh Trowell, aliyekuwa ametibu Waafrika tangu miaka ya 1920, alichapisha mwaka 1956, pamoja na mwenzake Singh, habari za Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, na likawa jambo la kuandikwa katika jarida la matabibu wa Afrika Mashariki kwa sababu halikuwa limezoeleka kabisa. Mwaka 1960 ikatangazwa hesabu ya maiti waliopasuliwa Kampala na waliopasuliwa St Louis, Marekani, 632 huku na 632 kule, waliolinganishwa kwa umri: kule walikutwa 136 wenye kovu la moyo ulioziba mshipa, na huku mmoja. Wasomaji wa siku zile walishangaa, kisha, kama ilivyo ada, kila mmoja akachukua katika hesabu ile kilichompendeza. Burkitt, baada ya kurudi Uingereza mwaka 1966, aliuhubiri ukapi wa nafaka na mboga mpaka mwisho wa uhai wake, akiendelea kuzitumia hospitali za misheni karatasi za maswali juu ya maradhi waliyoyaona na wasiyoyaona.

Wako leo wanaonukuu hesabu ile ya 1960 ili kuuza majani. Husema: babu zetu hawakuugua moyo kwa kuwa walitumia dawa za asili. Insafu yataka tuangalie yale yaliyopimwa pale pale Kampala. Shaper na Jones walionyesha mwaka 1959 kwamba lehemu katika damu ya Waafrika wa mji ule ilikuwa chini, ilhali ya Wahindi wa mji ule ule ilikuwa juu, na ni Wahindi waliokuwa wakiugua moyo. Babu yangu hakuwa na bitana ya chuma. Mishono yake ilikuwa na madoa yale yale ya buluu kwenye njia panda. Ila kilichokuwa kikivuja kilikuwa kichache, kwa sababu alikula wimbi, kunde na majani yake, simsim, ambao pwani huuita ufuta, na nyama siku ya sikukuu, na kwa sababu alikwenda kwa miguu. Sakafu hubaki kavu kwa mojawapo ya mawili: ama paa lisivuje, ama mvua isinyeshe. Mboga za mama zetu zilipunguza mvua. Kama ziliziba na paa pia, hilo ni swali jingine, nalo ndilo nililoitiwa.

Swali hili lina mwaka wa kuzaliwa. Mwaka 1936, huko Hungaria, Albert Szent-Györgyi na wenzake waliwapa wagonjwa ambao mishipa yao myembamba ilikuwa ikivuja, maji ya malimau na ya pilipili tamu, kisha vitu vilivyochujwa humo, vile viitwavyo flavonoidi, wakaona uvujaji ukipungua. Wakaviita vitamini P, na herufi ile ilikuwa ni ya neno la lugha zao lenye maana ya kupenyeka. Wazo zuri halikosi mitihani. Majaribio yaliporudiwa hayakutoa jibu lile lile kila mara, na mwaka 1950 wakubwa wa sayansi ya chakula wa Marekani wakashauri jina la vitamini liondolewe, likaondolewa. Flavonoidi za malimau na machungwa hazikufa kwa kufutiwa jina. Hata leo dawa iliyotengenezwa kwazo huandikiwa watu wenye miguu inayovimba kwa ulegevu wa mishipa ya kurudisha damu. Lakini kutoka kwenye mguu uliovimba hadi kwenye jipu la mshipa wa moyo pana safari ndefu.

Leo jambo hili hupimwa kwa namna ambayo wakunga miongoni mwenu wataipenda. Tangu mwaka 1973, Eric Jaffe na wenzake walipoonyesha njia ya kuotesha seli za bitana nje ya mwili, chimbuko lake la kawaida limekuwa kitovu cha mtoto aliyezaliwa: ule ugwe mnaoukata na kuutupa pamoja na kondo la nyuma una mshipa mpana ndani yake, na ukiusuuza kwa dawa ya kulainisha, bitana yote hubanduka, ikaoteshwa juu ya kitambaa chenye vitundu katika kikombe kidogo. Juu ya kitambaa humiminwa protini yenye rangi. Chini huwekwa maji safi. Na baada ya saa moja hutazamwa ni rangi kiasi gani imeshuka. Seli zikiwa shwari, maji hubaki meupe. Zikitiwa sumu ya uvimbe, maji hugeuka. Na zikitangulizwa kwasetini ya kitunguu, au kurkumini ya manjano, au dawa ya ngozi ya zabibu, maji hugeuka kidogo tu, kwa kuwa kadherini hubaki mahali pake, kamba za aktini hazikazi, na seli huendelea kutoa ile hewa ya oksidi ya nitriki inayoutuliza mshipa, ambayo ugunduzi wake uliwapa Furchgott, Ignarro na Murad tuzo ya Nobel mwaka 1998. Nimesoma habari za majaribio ya namna hii mengi mno, na kwa muda nilikuwa miongoni mwa walioamini kwamba mambo yamekwisha.

Ila kikombe si mtu. Kwasetini itiwayo kikombeni aghalabu huzidi mara kumi na zaidi ile inayoonekana katika damu ya mtu aliyekula kitunguu. Tena ile ya damuni imekwisha kugeuzwa sura na utumbo na ini, imevikwa sukari na salfa, si kitu kile kile kilichojaribiwa. Kurkumini ndiyo mbaya zaidi: karibu yote hupita tumboni na kutoka ilivyoingia. Mtu auzaye kwa kutegemea kikombe hana tofauti kubwa na mwenye bomba, isipokuwa kikombe chake ni kisafi.

Hivyo hapana njia ila kuwapa watu na kuwahesabu. Tuchukue kakao, ile inayokaushwa kwenye majamvi huko Bundibugyo. Flavanoli zake huufanya mshipa wa mkono utanuke vizuri zaidi baada ya saa chache, jambo lililopimwa tena na tena. Basi Wamarekani wakachukua watu 21,442, nusu wakapewa miligramu 500 za flavanoli kila siku na nusu kidonge kitupu, kwa zaidi ya miaka mitatu. Na mwaka 2022 wakatoa jibu: misiba ya moyo na mishipa kwa jumla ilipungua kidogo, kwa kiasi ambacho bahati yaweza kukieleza, ilhali vifo vya moyo vilipungua kwa asilimia 27. Jibu hilo si ndiyo wala si la, na mtu mzima hana budi kulichukua lilivyo.

Wamasai nao wametupa fumbo. Maziwa, nyama, mafuta, na lehemu ya damu iko chini. George Mann, aliyewachunguza katika miaka ya 1960, alikuta katika maiti zao kwamba mishipa ilikuwa na maradhi, ila ilikuwa imetanuka, na yeye akalihusisha jambo hilo na mwendo wao wa kutwa. Baadaye Timothy Johns na wenzake, pamoja na Mahunnah wa Muhimbili, wakatazama ndani ya chungu. Supu ya Kimasai haipikwi tupu. Hutiwa magome na mizizi, kama ule mgunga wanaouita ol kiloriti, na katika mimea hiyo walikuta vitu vichungu vyenye povu, saponini, na vile vya kukaza ulimi, ambavyo huweza kushikana na lehemu tumboni kabla haijaingia damuni. Tazameni basi kwamba mizizi ile, ikiwa inafanya kazi inayodhaniwa, haigusi bitana hata kidogo. Inapunguza mvua.

Nimeliweka nyuma jani lililopata ithibati kubwa kuliko yote, kwa sababu naliogopa. Matabibu wa Kiarabu wa zama za Ibn Sina waliijua suranjani, mmea ambao tunguu lake lilitibu jongo, yaani ule uvimbe wa kidole gumba cha mguu. Pelletier na Caventou, wale wale walioitoa kwinini katika gome, waliitoa sumu ya suranjani mwaka 1820, nayo ikaitwa kolkisini. Miaka mia mbili baadaye, mwaka 2020, watu 5,522 wenye ugonjwa wa kudumu wa mishipa ya moyo walikuwa wamegawanywa, nusu wakipewa nusu miligramu ya kolkisini kwa siku. Na misiba mikubwa ya moyo, iliyowapata 9.6 katika kila mia wa upande usiopewa, iliwapata 6.8 upande uliopewa. Marekani ikairuhusu kwa kazi hiyo mwaka 2023. Mwaka uliofuata jaribio jingine, la watu 7,062 waliotoka kupata shambulio la moyo, halikuona faida. Na katika kikombe cha bitana, dawa za ukoo huu, zinazovunja vijiti vidogo vinavyoisimamisha seli, badala ya kufunga mishono huifungua! Ikiwa kolkisini humsaidia mgonjwa, ni kwa kuwapoza wale walinzi wenye hasira wasije kujazana juu ya bitana. Kwa hiyo mwenye kuangalia kikombe peke yake angaliitupa dawa hii, na mwenye kuangalia watu peke yake asingalijua kwa nini yafanya kazi.

Naliogopa kwa sababu kolkisini haiko Ulaya na Asia tu. Lile ua linalopanda juu ya nyasi wakati wa mvua, lenye petali nyekundu na manjano zilizopindukia juu mithili ya ndimi za moto, ambalo wataalamu huliita Gloriosa superba na ambalo ni mwenyeji wa Afrika hii yetu, limejaa sumu hiyo hiyo. Huko India hulimwa kwa ajili yake. Tunguu lake lafanana na kiazi, na limewaua waliodhani ni kiazi. Kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachoua pana upana wa kucha. Nawasihi mkitoka hapa msiseme kwamba mzee yule amesema ua la moto ni dawa ya moyo. Nimesema kwamba kidonge kilichopimwa kwa mizani, kwa mtu aliyechaguliwa na daktari, ni dawa. Ua ni sumu.

Juu ya tumbaku sitakawia, ingawa imelipa karo za watoto wengi wa mkoa huu, nami nikiwa mmoja wao. Nayo ni mmea, nayo ina vitu vyake, na hakuna jani ninalolijua lililothibitika kwa yakini kubwa zaidi kuifumua bitana.

Sasa nirudi kwa baba mdogo. Alikuwa na presha, kama alivyo karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne nchini Uganda; katika uchunguzi wa mwaka 2014 ilionekana asilimia 26.4 wanayo, na katika hao wanaojua kwamba wanayo hawakufika wanane katika mia. Yeye alikuwa miongoni mwa hao wachache waliojua. Alipewa vidonge, akavimeza miaka miwili. Kisha akauziwa chupa na mtu ambaye simjui, akaambiwa asichanganye, na kwa uaminifu wa fundi hakuchanganya: aliacha vidonge. Asubuhi ya mwezi wa tatu tulimkuta ameinamia cherehani, mdomo umekwenda upande, na mkono wa kuume umelala juu ya kitambaa kana kwamba si wake. Aliishi miaka minne baada ya hapo bila kushika sindano. Sikuwahi kujua chupa ile ilikuwa na nini. Yawezekana ilikuwa na jani jema kabisa.

Dada yake, shangazi yangu wa Koboko, ana presha ile ile, na tangu siku za utoto wake hunywa karkade, kama wanywavyo Wanubi wote tuliopata desturi zetu upande wa Sudan. Huko Dodoma huiita choya. Ni vikombe vya yale maua mekundu yaliyokaushwa, yaliyochemshwa hata maji yakawa kama damu ya mzee. Huko Boston, katika jaribio lililotangazwa mwaka 2010, watu 65 wenye presha ya juu kidogo waligawanywa, wengine wakinywa karkade vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita na wengine kinywaji cha kuigiza. Namba ya juu ya presha ilishuka nukta 7.2 kwa wa kwanza na 1.3 kwa wa pili. Ni kidogo, lakini ni kweli, na presha ndiyo mkono unaovuta koti kwapani kila pigo la moyo. Shangazi aliposikia habari hizi kwangu hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu: je, hao wa Boston walitia sukari?

Nikamwambia hapana. Akanyamaza, kwa maana yeye hutia vijiko vinne.

Tukapatana. Vidonge asiache, karkade anywe, bila sukari, na mjukuu wake, aliye darasa la sita, aandike kila Jumapili presha inayopimwa na muuguzi jirani yao. Daftari lenyewe ninalo hapa, la kurasa 48, jalada limeingia mafuta ya simsim. Wiki ya kwanza ni 168 kwa 96. Wiki ya tano ni 151 kwa 90, na chini yake yule mtoto ameandika, bila kuambiwa na mtu, kwamba wiki hiyo bibi alisafiri kwenda msibani Yumbe na vidonge alivisahau siku mbili. Wiki ya tisa ni 146 kwa 88. Ya kumi haikupimwa; muuguzi alijifungua.